Miguu Sita

Idi alinipigia simu asubuhi, nikiwa nimepiga magoti kwenye tuta la sukuma wiki na jani moja nimeligeuza ili nione upande wake wa chini. Siku hizi naishi Gachoka, na bustani yangu ni ndogo, matuta manane tu kando ya tangi la maji. Namba sikuijua. Akasema, "Ni Idi wa Runyenjes. Idi wa Bi Zuhura." Nilimwamkia, akaitika haraka, kisha akaniambia kwamba mama yake amefariki juzi huko Isiolo, na kwamba walimzika siku hiyo hiyo kabla ya jua kushuka, kama dini yao inavyotaka. Alisema pole, nami nikasema pole. Lile jani bado lilikuwa mkononi mwangu. Kabla ya kukata simu aliniuliza swali moja ambalo mama yake alimwachia aniulize. Nitaliandika mwishoni, kwa sababu mtu asiyejua mwaka wangu wa Runyenjes hataona kwa nini lilinikalisha chini kwenye udongo uliolowa.

Nilikuwa na miaka kumi na nane nilipofika kwa Bi Zuhura, mwezi wa kwanza, nguo zangu zikiwa ndani ya gunia la unga lililofuliwa. Nilikuwa nimetoka Muthara. Mama mmoja wa sokoni kwetu alikuwa amesikia kwamba kuna bibi wa Kiislamu Runyenjes anayetafuta msichana wa kumsaidia bustani na nyumba. Runyenjes watu walizungumza Kiembu, nami kwa Kimeru changu cha Tigania nilikuwa nikishika nusu ya neno na kupoteza nusu nyingine, kama mtu anayesikiliza redio ambayo betri zake zimekwisha. Nyumba ilikuwa nyuma ya msikiti. Mume wa Bi Zuhura alikuwa mwenye bucha, na ingawa alikufa zamani, kulabu zake za nyama bado zilining'inia kwenye ukumbi, zimefungwa mafungu ya vitunguu. Chumba nilichopewa kilikuwa stoo ya bucha. Ndani mlikuwa na kitanda, dirisha moja la mbao, na lile gogo la kukatia nyama, pana, lenye alama za panga kila mahali, ambalo lilikuwa meza yangu. Jioni ya kwanza niliweka sahani yangu juu ya gogo lile nikala peke yangu, kwa sababu sikujua kama nimealikwa ukumbini. Upande wa pili wa ukuta nilimsikia Bi Zuhura akila peke yake pia. Baadaye aliniambia kwamba alidhani nimekataa kukaa naye.

Alikuwa na presha ya macho. Aliona mwanga, aliona mtu akipita, lakini mtu huyo hakuwa na uso. Hospitali walikuwa wamemwambia kwamba kilichokwenda hakirudi, na kwamba atie dawa ya matone ili kilichobaki kikawie. Nje alikuwa na matuta kumi na mawili: sukuma wiki, kabichi, spinachi, managu, kunde na kitunguu kidogo. Wanawake wa mtaa walinunua mboga kwake kila asubuhi kupitia geti dogo la nyuma, na hata wale wasioingia nyumba ya mtu bila sababu walisimama pale wakaongea. Kwa mikono aliweza kupalilia vizuri kuliko mimi. Asichoweza ni kuona kinachokula mboga zake. Hiyo ndiyo kazi aliyoniitia, na hakuna aliyekuwa ameniambia.

Kila asubuhi baada ya chai alikaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, uso ameuelekeza bustanini kana kwamba anaitazama, nami nilipita tuta kwa tuta nikimwambia kuna nini. Kwangu ilikuwa kazi ngumu kuliko kulima. Shuleni, mwalimu akiniuliza swali, nilikuwa nikitazama dawati mpaka achoke amuulize mwingine. Kwa Bi Zuhura hapakuwa na mwingine.

"Kuna mdudu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Mdudu si jina. Ni kama kuniambia kuna mtu mlangoni. Mtu gani? Ni Idi mwanangu, ni mwizi, au ni Mama Muturi amekuja kuniomba chumvi?"

"Sijui, Bi."

"Basi rudi. Niambie amefanya nini."

Nikarudi. Miche mitatu ya kabichi ilikuwa imelala chini, imekatwa shingoni kama kwa wembe, na majani yake mazima. Nilimwambia. Akaniuliza kama majani yameguswa, nikasema hapana. Akaniambia nichimbe kwa kidole pale pale penye shina, nisiende mbali, kwa sababu huyo mchana hulala karibu na alipokula. Nikachimba, na chini kidogo ya udongo nikamkuta kiwavi mnene wa kijivu amejikunja kama pete. Nilimpeleka kwenye kiganja chake. Akamgusa kwa ncha ya kidole, akatabasamu, mara ya kwanza tangu nifike. "Mkata miche," akasema. "Sasa umeniambia ni nani." Siku hiyo tulikata vipande vya pakiti za maziwa na kuvivisha kila mche shingoni kama kola, tukavididimiza kidogo udongoni, na hakuna mche mwingine uliolala.

Hivyo ndivyo nilivyojifunza, kwa maswali yake. Anakula wapi, kwenye ukingo wa jani au katikati? Ameacha utelezi unaong'aa, au ameacha kinyesi kikavu kama punje za pilipili manga? Ukimgusa anajikunja, anajiangusha, au anakimbia? Kulikuwa na kiwavi mdogo wa kijani ambaye ukimgusa anarukia nyuma na kuning'inia kwa uzi. Huyo alitoboa kabichi vidirisha, akaacha ngozi nyembamba ya jani kama kioo. Kulikuwa na konokono waliojificha chini ya ubao mchana, nasi tuliwawekea ubao makusudi ili asubuhi niugeuze niwaokote. Na swali aliloliuliza zaidi ya yote ni lile la miguu. "Kiwavi ana miguu mitatu mitatu mbele, kisha vikonyo vya nyuma vya kushikilia, kwa hiyo utaona ni mingi," alisema. "Anatembea polepole kwa sababu chakula chake hakikimbii. Ukimwona mwenye miguu sita tu, na anakimbia, usimwue kabla hujaniambia. Anayekimbia anawinda. Huenda anawawinda wale wale tunaowatafuta." Mdudu kibibi, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi, alimwita askari wetu. Nikimkuta nje ya geti nilitakiwa kumleta ndani.

Kwa hiyo miguu nilikuwa nikihesabu, na miguu ndiyo iliyoniharibia jina. Ilikuwa wiki yangu ya pili. Wanawake walikuwa getini, na Mama Muturi, aliyeuza chai na mandazi karibu na steji ya matatu, alikuwa mbele yao. Bi Zuhura aliniuliza kutoka kitini kuhusu kitu nilichokiona kwenye managu: "Ana miguu mingapi?" Nami nikajibu kwa sauti ili nisikike, "Iko na miguu nyingi."

Mama Muturi alicheka mpaka akashika geti. "Bi Zuhura, hicho ndicho Kiswahili cha Muthara. Dudu iko na miguu nyingi, meno nyingi, shida nyingi."

"Mingi," Bi Zuhura akasema, bila ubaya, kama mtu anayeondoa uchafu kwenye bega la mwenzake.

Mama Muturi mwenyewe alikuwa akisema "kitabu yangu" na "mtoto yake" mchana kutwa, wala hakuna aliyemcheka. Lakini yeye alikuwa kwao. Tangu asubuhi ile aliniita Miguu Nyingi. "Miguu Nyingi, nifungie sukuma." "Miguu Nyingi, Wameru wote huwa na hasira, wewe yako umeificha wapi?" Wengine wakafuata. Najua sasa kwamba hakuwa na chuki. Siku nilipokuwa na homa ndiye aliyeniletea uji. Lakini jina langu ni Kinya, na kulikuwa na siku nyingi mwaka ule ambapo Bi Zuhura peke yake ndiye aliyelitamka.

Idi alikuja kila mwezi kutoka Isiolo, ambako alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi. Alikuwa mtu mzito, mwenye haraka, na alimletea mama yake matunda na dawa ya macho. Ukuta kati ya ukumbi na chumba changu ulikuwa wa mbao, na sikuhitaji kusogea ili kusikia. Mwezi wa tatu, mvua zikiwa bado hazijaanza, niliwasikia.

"Mama, huoni. Ukianguka kule bustanini nani atajua?"

"Kinya atajua."

"Kinya haongei, Mama. Akikuona umeanguka atakaa mpaka jioni akitafuta maneno."

Bi Zuhura alicheka. Alicheka kidogo tu, lakini nilikuwa nimekaa juu ya kitanda na soksi mkononi, na mpaka leo nakumbuka ni soksi gani. Kisha sauti yake ikawa nyingine. Alisema Isiolo atakaa chumbani akisikiliza televisheni ya wajukuu, na hakuna hata mmoja atakayemuuliza jambo analolijua. Hapa, alisema, watu wanakuja getini. Idi akamwambia kwamba matuta yale yangetosha kujenga vyumba vinne vya kupangisha, na kwamba yeye hawezi kulala akimfikiria.

"Nipe mwaka huu," Bi Zuhura akasema. "Bustani ikifika Disemba ikiwa hai, unaniacha hapa mpaka Mungu anichukue. Ikifa, nitakuja Isiolo na sitakuuliza kitu."

"Ahadi, Mama?"

"Ahadi."

Asubuhi yake hakuniambia neno juu ya mazungumzo hayo. Alikaa kitini, akauliza anakula wapi, ukingoni au katikati. Nami nilijua kwamba kila jani nililoligeuza sasa lilikuwa limebeba nyumba ya Bi Zuhura. Na yangu pia, ingawa ile stoo sikuwahi kuiita nyumbani kwa sauti.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia kwenye mvua. Mchana nilikula peke yangu jikoni, mlango nimeufunga, nikijaribu kijiko kisigonge sahani. Siku ya tatu aligonga mlango kwa fimbo yake. "Kula mlango ukiwa wazi, Kinya. Harufu hainivunjii saumu." Jioni tulikaa pamoja ukumbini chini ya zile kulabu za vitunguu, na futari ilikuwa uji wa tangawizi, viazi vya kukaanga, na chapati ambazo nilifundishwa kuzikunja mpaka zikatoka na tabaka. Mvua ilipiga mabati kiasi kwamba hapakuwa na haja ya kuongea, na hizo ndizo jioni nilizoongea. Nilimwambia kuhusu nyumba za Muthara, na mama yangu alivyokuwa akisonga ndizi na majani ya kunde kwa mwiko mmoja. Nilipokwama kwenye neno alinisubiri. Jioni moja alisema, "Sita ni hesabu, na kusita ni kukwama kabla ya kusema. Kiswahili kimeyaweka jirani. Wewe unayajua yote mawili." Nilicheka, naye akafurahi kwamba amenichekesha. Nilidhani mwaka wote ungekuwa hivyo.

Bustani ilipita mvua salama. Mama mmoja aliyeleta ndengu sokoni kutoka Gachoka alituletea gunia la majani ya mwarobaini, ambayo kule juu kwenye chai na kahawa hayapatikani, nasi tuliyatwanga, tukayaloweka kwa maji na sabuni kidogo, nikanyunyiza kwa ufagio wa majani dhidi ya wale viwavi wa uzi. Idi alileta chupa ya sumu ya wadudu kutoka duka la agroveti, bila kuombwa, na Bi Zuhura aliiweka juu ya kabati ikiwa imefungwa. "Imeandikwa nisichume mpaka siku kadhaa zipite," alimwambia. "Mimi ninachuma kila asubuhi. Mama Muturi nimwambie ale mawe?" Julai ikaja na ukungu wake wa baridi. Ulikaa juu ya mji siku nzima, watu wakanunua haraka wakaenda, na Bi Zuhura, ambaye hata ule mwanga mdogo aliouona ulipotea kwenye kijivu hicho, alinyamaza kwa siku nyingi. Tulikaa kila mmoja chumbani mwake tukisikiliza mwenzake akikohoa.

Septemba jua lilirudi na udongo ukakauka, na wakaja vidukari. Ni wadogo kama punje ya ufuta, wa kijivu kama waliopakwa majivu, na hawatafuni. Wanakaa chini ya jani wamebanana, wanafyonza, na jani linajikunja kuwafunika. Nilimweleza Bi Zuhura vizuri. Nilimwambia hata kuhusu sisimizi wadogo waliopanda na kushuka shina kama walio kazini. Akasema tuwaoshe kwa maji ya sabuni, tung'oe majani yaliyojikunja, na tuwe na subira. "Vidukari wakija, askari nao wako njiani," alisema. Siku chache baadaye niliwaona wadudu wengine kati yao. Walikuwa weusi, warefu kiasi cha nusu ya ukucha, wenye vimiba mgongoni na alama za rangi ya chungwa ubavuni, wabaya wa sura, kama mamba aliyefinywa. Walikuwa kwenye kila tuta la sukuma. Niligusa mmoja kwa kijiti. Alikimbia.

Ilikuwa asubuhi ya soko, na getini kulikuwa na wanawake watano. Boda boda zilikuwa zikipita na mafungu ya majani chai na mikungu ya ndizi. Nilisimama katikati ya matuta na kusema, "Bi, kuna wengine. Ni weusi, wako na vidukari."

"Wanakula jani?"

"Sijaona."

"Wana miguu mingapi?"

Mama Muturi aliinua kichwa. Niliona mdomo wake umeshaanza kucheka, bado hajacheka, na wale wengine wakimtazama wakisubiri. Ilibidi niiname nihesabu, kisha niseme neno miguu mbele yao. Sikuinama. Nilichokifikiria wakati ule, na nimelifikiria jambo hili mara nyingi tangu siku ile, hakikuwa mdudu wala bustani. Nilifikiria kwamba safari hii nitalitamka sawasawa.

"Mingi," nikasema.

"Haya," Mama Muturi akasema, "leo amepita mtihani." Wakacheka kidogo, bila uchungu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi.

"Mingi?" Bi Zuhura akauliza. "Na wanatembea vipi?"

"Polepole."

"Basi waue," akasema. "Wote, kabla hawajaenea."

Niliwaua kwa siku mbili. Niliwakusanya kwenye kopo la kahawa lenye maji ya sabuni, na nilifanya kazi hiyo kwa bidii, kwa sababu nilitaka kumaliza kuwaona. Mmoja alikuwa amejigandisha kwenye nguzo ya ua, mkia umeshikamana na mti, hatembei tena. Nilidhani amekufa, nikamwacha. Yapata wiki moja baadaye nilikuwa nikianika nguo kwenye ua huo, na nikaona gamba lake limepasuka. Kando yake alikaa mdudu kibibi, mpya, wa rangi ya njano iliyopauka, bila doa hata moja. Niliweka nguo chini. Nilisimama pale muda mrefu nikimtazama akigeuka rangi. Njano ikawa chungwa, na madoa yakajitokeza taratibu, kama mtu anavyokumbuka kitu. Nikajua ni watoto wa nani niliowaua.

Bi Zuhura alikuwa mlangoni mwa jikoni, hatua kumi na tano kutoka pale. Aliniuliza kama nguo zimekauka. Nikasema bado.

Baada ya hapo hapakuwa na cha kuwazuia vidukari. Tuliosha, tuling'oa, tulinyunyiza mwarobaini uliobaki, lakini walikuwa wameshaingia kwenye moyo wa kila mmea, mahali ambapo maji hayafiki. Majani yakanata, kisha yakaota weusi kama masizi. Kila asubuhi Bi Zuhura aliuliza, "Askari hawajafika?" Nami nilisema, "Bado, Bi." Wanawake wa getini wakapungua. Mama Muturi alikuja hata alipojua hakuna mboga, akanunua kitunguu, na hakuniita Miguu Nyingi tena, jambo lililonifanya nitake kulia.

Idi alikuja Oktoba. Alivunja jani moja, akaligeuza, akatazama kidole gumba chake kilichonata. Sikuona furaha usoni mwake. Alimwambia mama yake polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Mama, imekufa."

Bi Zuhura aligeuza uso upande wangu. "Kinya," akasema, "imekufa?"

"Matuta mawili yako hai, Bi."

"Kati ya mangapi?"

"Kati ya kumi na mawili."

Aliweka mikono yote miwili juu ya fimbo. Angeweza kusema kwamba mawili ni mawili. Angeweza kusema mvua inakuja. Alisema, "Basi imekufa," na jioni ile akaniomba nishushe vitunguu kutoka kwenye kulabu. Nilivishusha kimoja kimoja. Maneno yalikuwa mdomoni mwangu muda wote huo, nayo yalikuwa machache: walikuwa wanakimbia, Bi. Sikuyasema ukumbini, sikuyasema nilipokuwa nikikunja mashuka yake, na kila siku iliyopita ilifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi.

Aliondoka mwishoni mwa Novemba. Mvua ndogo zilikuwa zimenyesha na yale matuta mawili yalikuwa yamechipua vizuri, hata visiki vya sukuma nilivyovidhania vimekwisha vilikuwa vimetoa majani mapya. Asubuhi ya mwisho, gari la Idi likiwa limesimama mbele, aliniomba nimshike mkono nimpeleke. Aliinama kwenye tuta na kupitisha vidole chini ya majani, moja baada ya jingine, kama alivyokuwa akifanya. Kwenye jani la nne au la tano alisimama. Alitoa mkono polepole, na juu ya mgongo wa mkono wake kulikuwa na mmoja wao, mweusi, alama za chungwa ubavuni. Akavuka vifundo vya vidole, akazunguka kifundo cha mkono, akarudi.

"Huyu anakimbia," Bi Zuhura akasema.

Nilimtazama yule mdudu. Sikumtazama Bi Zuhura, ingawa asingeweza kuniona nikimtazama. Alisubiri. Alijua kusubiri, jioni za mvua alikuwa akinisubiri hivyo hivyo. Nilisikia mlango wa gari ukifunguliwa. Kisha akaurudisha mkono wake kwenye jani, akautuliza hapo mpaka mdudu akashuka mwenyewe. "Twende," akasema. Kwenye gari alinipa fundo la kitambaa lenye mbegu za managu, akaniambia nisizipande karibu karibu. Idi aliichukua namba yangu, akanipa ya mama yake. Nilikuwa nayo miaka yote hii kwenye simu, na mara kadhaa niliifungua nikaitazama.

Managu haya ninayouza hapa Gachoka yanatokana na mbegu za fundo lile. Asubuhi bado napita tuta kwa tuta, na bado naongea, ingawa hakuna aliyekaa mlangoni. Jirani aliwahi kunikuta nikisema kwa sauti, "Anakula ukingoni, ameacha utelezi," akadhani niko kwenye simu.

Na hili ndilo swali ambalo Idi aliniuliza asubuhi ile. "Kuna kitu Mama aliniagiza," alisema. "Aliniagiza tangu mwaka jana, nikawa nasahau, shughuli ni nyingi. Alisema nikuulize wale weusi walikuwa na miguu mingapi. Sijui ni weusi gani. Alisema wewe utajua."

Nilisita. Upande wa pili nilisikia sauti za watu, vikombe, mtoto akiitwa.

"Kinya? Bado uko?"

"Niko," nikasema. "Ni sita. Walikuwa na miguu sita, na walikuwa wanakimbia."

"Miguu sita," Idi akarudia taratibu, kama mtu anayeandika. "Wanakimbia. Sawa, nitamwambia."

Hakuna aliyekata simu; nilikuwa nimekaa chini kwenye udongo uliolowa, simu bado sikioni.